Birika la Mteja wa Kwanza

Tejpal Lodha aligundua siri hiyo siku aliyokwenda kununua kandambili: katika soko zima la Jodhpur, hakuna mwenye duka anayethubutu kumwacha mteja wa kwanza wa siku aondoke mikono mitupu. Mauzo hayo ya kwanza huitwa bohni. Muuzaji akishalipwa, huigusisha pesa kwenye paji la uso, na siku imefunguka. Mteja akiondoka bila kununua, siku imeingia mkosi.

"Watu wazima na ndevu zao!" alicheka Tejpal, aliyejiona ndiye mtu pekee mjini anayetumia akili. Tangu hapo akawa anadamka, anawahi duka linapofunguliwa, anataja nusu ya bei, kisha anageuka polepole. Hakuwahi kufika mlangoni kabla ya kuitwa. Viatu, vitambaa, sufuria, vyote alivinunua kwa bei ya kutupa akaviuza mchana kwa faida. Wizi? Thubutu! Yeye aliuita elimu.

Kwa elimu hiyo alikuwa amedunduliza rupia elfu kumi na mbili. Zikifika ishirini angepanga kibanda, maana baba yake Rukma, msichana aliyetaka kumwoa, alikwisha sema kuwa binti yake haolewi na mzururaji asiye na duka. Ndipo akaliona birika linalong'aa kama fedha kwa Sugni Bai, mjane muuza vyombo. Bei yake elfu arobaini.

Kesho yake alimkuta mjane anafagia kizingiti.

"Ram Ram, mama. Hilo birika nakupa elfu kumi na mbili."

"Kumi na mbili! Mwanangu, umelala vizuri kweli?"

"Basi tena." Akageuka polepole. Hatua moja. Mbili.

"Ngoja, wewe! Unataka kunitia mkosi asubuhi yote hii?" Sugni Bai alijifuta chozi kwa ncha ya mtandio. "Alilinunua marehemu. Lichukue upesi, moyo usije ukageuka."

Tejpal alilichukua upesi. Alikuwa anaufurahia mno ujinga wa mjane, hata hakulipima wala kulikwaruza. Wala hakuona kwamba pesa zake zilitumbukizwa moja kwa moja kwenye kijaluba, bila kugusishwa paji la uso.

Sonara alilikwaruza mara moja tu. "Bati hili, kaka. Fedha iliyopakwa hapa haitoshi hata kuziba jino."

Jamani, alivyokimbia!

"Mama, umeniibia! Hii si fedha!"

"Nani alikwambia ni fedha?"

"Bei! Elfu arobaini!"

"Basi kaidai bei ikurudishie."

"Lakini mimi ndiye bohni wako! Unamdhulumuje mteja wa kwanza?"

"Wewe?" Sugni Bai alicheka mpaka akashika kiuno. "Bohni wangu ni jirani, nilimuuzia kijiko hata hujanawa uso. Siku hizi mtaa mzima tunauziana vijiko alfajiri. Kwa ajili yako, baba!"

Tejpal akatandika gunia kando ya barabara, auze birika lake. Siku ya kwanza mtu wa kwanza alimtajia mia tisa. Akamfukuza kwa dharau, na hakusimama mwingine hadi jua likazama. Siku ya pili wa kwanza alitaja mia tano. Akamfukuza naye, na mchana ng'ombe akamlia gunia. Siku ya tatu, kabla hajakaa sawasawa, akasimama Sugni Bai.

"Mia mbili."

"Mama, huna hata haya?"

"Basi tena." Akageuka polepole.

Akili ya Tejpal ilimweleza vizuri kabisa kwamba siku mbili mbaya hazithibitishi kitu, na kwamba ng'ombe hajui habari za bohni. Yote yalikuwa kweli, na yeye aliyaamini yote. Sugni Bai akapiga hatua moja. Mbili.

"Ngoja, mama!" alilia Tejpal.

Mjane alimtupia noti mbili za mia miguuni, akalipachika birika kwapani, tayari kulirudisha kwenye rafu yake kwa bei ileile ya elfu arobaini. "Haya, umefungua biashara," alisema kwa sauti, majirani wasikie. "Kamwambie baba yake Rukma."

Mtaa mzima ulikuwa unamtazama. Tejpal alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akazinyanyua zile noti mbili taratibu, akazigusisha kwenye paji la uso.