Hatua Nane za Baba Mdogo

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata kazi ya heshima. Baba mdogo alitoka asubuhi kwenda kibaruani, ukuta ukamwangukia, wakamzika bila kumpitisha nyumbani. Leo, mbele ya ukoo mzima, mama mdogo kasema pole zetu zimemtosha. Anachotaka ni kumwona mumewe akirudi, aingie mlangoni, basi. Wote wakainamisha vichwa. Mimi nikasema nitamchora katuni inayotembea, Jumamosi ataingia. Kimya! Shule niliyoiachia njiani haikuwahi kuninyamazia vile.

Binamu yangu tunayemwita Kompyuta akajitolea kusaidia na mashine yake. Nikamwambia akae mbali na marehemu wangu.

Jumanne, 5 Machi
Kwa mzee mchora katuni, aliyekuwa akichora matangazo ya sabuni kwenye televisheni enzi za kuchora kwa mkono. Kaniazima meza yake ya kioo yenye taa chini. Unaweka karatasi juu ya karatasi, mguu uliopita unaonekana, unachora unaofuata. Akaniongezea historia, sikumwomba. Eti hapo mwanzo walichora kila kitu upya, hata miti na kuta, maelfu ya karatasi, hadi ikabuniwa plastiki angavu: mtu kwenye plastiki juu, nyumba kwenye karatasi chini, nyumba ikachorwa mara moja tu. Kisha zikaja kompyuta, yeye akarudishwa nyumbani. Nikamwambia watu wa zamani walipenda mateso.

Jumatano, 6 Machi
Mguu wa kulia. Wa kushoto. Wa kulia. Mkono ganzi! Kutoka njiani hadi mlangoni ni zaidi ya karatasi mia.

Halafu akili ikawaka. Mtu akitembea si anarudia yale yale? Nimechora mlango mara moja na hatua nane tu, nikazipiga picha kwa simu, nikazizungusha zijirudie. Anatembea! Bega limeshuka kwa mkoba wa zana, vilevile kama lake. Nimejipigia makofi.

Alhamisi, 7 Machi
Mzee katazama, kavua miwani. Kasema huo ni mwendo wa mtu asiyekwenda popote. Anayefika lazima achorwe hadi kizingitini. Kompyuta naye kasema angemfikisha leo hii jioni. Wivu mtupu, mmoja wa kizee, mmoja wa umeme.

Jumamosi, 9 Machi
Shuka ukutani, projekta ya kuazima imeungwa na simu yangu, ukoo sakafuni. Mama mdogo kakaa mbele, kajipaka mafuta, kavaa nguo aliyonunuliwa na mumewe. Baba mdogo alipotokea, mama mdogo akacheka, akasema bega lake hilo, jamani. Watu wakalia. Nikainama kupokea sifa.

Akatembea. Akatembea. Mlango palepale. Mtu akakohoa. Akatembea.

Mama mdogo akageuka. "Mbona hafiki?"

Nikamwambia yuko njiani.

Kompyuta hakucheka, mshenzi yule. Kaninyima hata wa kugombana naye.

Jumapili, 10 Machi
Nimefuata simu yangu. Mama mdogo bado anaitazama filamu, chakula kimepoa pembeni, mlango wa nyumba kauacha wazi. Filamu gani imewahi kumshika mtazamaji siku nzima? Nitajie!

Nikamwuliza kama kuna la kurekebisha. Hakuniangalia.

"Amechoka, mwanangu. Mchoree pa kukaa."

Nimetoka mbio hadi kwenye meza ya kioo. Mtu aliyekaa! Hana mguu wa kulia wala wa kushoto. Karatasi moja! Wale wa karatasi maelfu hawakuliwaza hili. Kabla ya chai nitakuwa nimemaliza.