Historia Kamili ya Baiskeli za Lukuga

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mama Bibiane, mwenye kibanda cha baiskeli ng'ambo ya barabara, ameuza tatu leo. Mimi hakuna. Na sote wawili tunaagiza kwa boti ileile kutoka Kigoma. Nimewaza tangu asubuhi, nimeiona sababu: baiskeli zangu hazina historia. Zake vilevile hazina, lakini yeye ana tabasamu.

Kuanzia leo zangu zinaitwa Lukuga, kama mto wetu. Nimeandika ubaoni: zilianzishwa mwaka 1948 na babu yangu Kalenga, aliyeendesha kutoka hapa Kalemie mpaka Kabalo bila kupumzika. Modeli tatu. Lukuga Papa, nyeusi. Lukuga Mama, ya buluu. Lukuga Mizigo, nyekundu. Ni baiskeli moja. Rangi ndizo tatu.

Mke wangu Aimée amesoma, akanikumbusha kwamba babu Kalenga aliogopa baiskeli, hata iliyoegeshwa. Nimemjibu kwamba historia si mambo ya familia.

Jumatano, 4 Juni

Nimepaka Mizigo ya kwanza. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, una ufa mdogo palipochomelewa. Nimepaka mara mbili. Ufa hauonekani tena.

Saa nne amekuja Toussaint, anayeleta mihogo mjini kwa njia ya Bendera. Kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba yake. Amesoma ubao wote, kidole chini ya kila neno. Akauliza kama itabeba magunia mawili. Nimesema manne. Sijui kwa nini. Mawili yangetosha.

Ameondoka na Mizigo. Bibiane ameona. Nimempungia mkono.

Ijumaa, 6 Juni

Uma umevunjika kwenye mteremko. Toussaint ameanguka na magunia manne juu yake. Mguu umevunjika mahali pawili.

Aliyemkuta ni Bibiane, akirudi kutoka kwa dada yake. Amemkalisha kwenye baiskeli yake, ile isiyo na jina, akaisukuma akitembea kilomita kumi na moja mpaka hospitali. Kisha ameniletea vipande vya uma, akaviweka mbele ya kibanda changu. Upande mmoja wa chuma una kutu ya zamani, upande mwingine unang'aa. Hata mtoto angeelewa kwamba ufa ulikuwepo tangu zamani.

Sikula.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa nimekwenda hospitali na ndizi. Nilikuwa nimeamua kusema yote. Rosalie, mke wa Toussaint, amesimama akanipa kiti chake.

Toussaint hakunitukana. Ameuliza tu habari za baiskeli, kinga kama tunavyoiita hapa: «Papa Kyungu, babu yako alifikaka kweli Kabalo na hii kinga?»

Ukweli ulikuwa mdomoni kabisa. Nikauangalia ule mguu ulioning'inizwa.

«Alifika,» nikasema.

Toussaint akasema: «Basi njo mimi nilipakia mubaya.» Akaniomba radhi kwa kuniharibia jina la baiskeli.

Nimetoka. Nyuma ya ukuta wa hospitali nimelia, na sikulia kidogo. Nimefika nyumbani ndizi zikiwa bado mkononi.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamka nimetulia. Kabla ya kufungua nimefuta Lukuga Mizigo ubaoni. Aimée ameona, akamshukuru Mungu, akanikaangia samaki, mikebuka miwili mikubwa. Sikutaka kumkatiza.

Baada ya kula nimeandika hivi: Lukuga Msamaria, nyeupe, baiskeli ya kubeba wagonjwa. Mwaka 1951 babu Kalenga alimsukuma mgonjwa kilomita ishirini na mbili, akiwa amemfunga kwa kamba asianguke.

Bibiane amevuka barabara. Amesoma mpaka mwisho, bila haraka. Kisha akaniambia kwa upole kwamba kamba inamkata mtu, mgonjwa anafungwa kwa kitenge. Akarudi kwake.

Nimefuta kamba. Nimeandika kitenge.