Mionzi Haingii Nyumba Hii

Jumatatu, 3 Juni
Kitindamimba wangu amechagua mwanasayansi wa kumweleza kwenye mashindano ya shule, mbele ya wazazi, Ijumaa. Mshindi anaingia darasa la sayansi, lile lenye maabara. Amemchagua Marie Curie. Nikafurahi, mwanamke mwenzetu! Kagundua radiamu, kapewa Nobeli mara mbili! Nikauliza mwisho wake ulikuwaje. Mtoto akasema, huku anatafuna, kwamba aliuawa na mionzi ya vitu alivyokuwa anavichunguza.
Pasi niliyokuwa nayo mkononi ikatulia mahali pamoja. Shati la karani wa benki, mteja wangu, sasa lina dirisha mgongoni.
Mwanangu na mionzi? Thubutu!

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda kwa fundi redio, anayesoma kila gazeti kabla ya kulitumia kufungia vifaa. Nikamwomba mtaalamu mmoja tu aliyekufa vizuri. Sokrates? Kanyweshwa sumu. Arkimedi? Kauawa na askari. Galileo? Kasema dunia inalizunguka jua, kafungiwa nyumbani mpaka kufa. Jamani, hawa hawakuwa na mama? Darwin kapata watoto kumi, nikachangamka. Kumbe tumbo lilimtesa miaka na miaka. Mwishowe Newton: kafa mzee, kitandani. Hakuoa, lakini hilo nitalishughulikia.
Mtoto kakataa kubadilisha. Newton keshachukuliwa na mtoto wa Mama Cherehani.

Jumatano, 5 Juni
Mama Cherehani, mshonaji, jirani yangu wa ukuta mmoja, kaleta magauni ya kupiga pasi na maneno juu yake. Eti mwanawe anaeleza uvutano kana kwamba kauvumbua yeye. Eti shoga, wako mpeleke taratibu, maabara si jikoni. Nikamjibu kwamba hata cherehani si darubini. Kanuna. Safi!
Lakini nimebanwa. Wangu akishinda, mionzi. Akishindwa, huyu atanicheka mpaka nizeeke.
Basi anicheke.

Alhamisi, 6 Juni
Mtoto kaenda kuteka maji. Picha yake ya Marie Curie, ya kuonyesha kesho, iko mezani, kaichora kwa kalamu za nta. Nikaipitishia pasi ya moto. Rangi zote zikayeyuka. Aliporudi nikasema nilikuwa nanyoosha mikunjo.
Hakulia. Bora angelia. Kasema tu, sawa mama, nitaenda nayo hivyohivyo.
Nimemkaangia mayai mawili. Sijutii! Kidogo tu.

Ijumaa, 7 Juni
Nta ya manjano na kijani ilikuwa imetambaa pichani kutoka mikononi mwa Marie Curie hadi shingoni, inang'aa. Mtoto akaigusa, akasema hivi ndivyo mionzi ilivyompenya bila kuonekana, na wakati ule hawakujua hatari yake. Leo tunajua, na kwa kipimo inatibu saratani. Ukumbi mzima makofi! Mwalimu kauliza nani kambunia picha ya ajabu vile.
Kashinda. Mama Cherehani alikuwa anahesabu vigae vya sakafu. Nilipiga vigelegele mpaka nikakumbuka maabara.

Jumamosi, 8 Juni
Mwalimu kaniapia kwamba maabara yao ina taa ya spiriti, chupa na mifupa ya chura, basi. Nikaitikia: ndiyo mwalimu, asante mwalimu. Hanijui.
Fundi redio anasema mionzi huzuiwa na risasi, yale madini mazito. Basi sare ya mwanangu itatiwa bitana ya risasi, mbele na nyuma. Tatizo, sindano nene anayo Mama Cherehani peke yake. Kesho nakwenda kumwomba radhi kwa lile la darubini.
Akikataa, magauni yake bado yako kwangu, na pasi ina moto.