Nati ya Mashine ya Marehemu Baba

Jumanne, 7 Novemba

Ujumbe kutoka kwa kaka Amrik, Uingereza. Anakuja kwa Diwali. Kesho yake ni siku ya Vishwakarma, mafundi wote wa mji wetu wa Batala wanapoziheshimu mashine zao, na siku hiyo ataijaribu kwa mkono wake mashine ya kuchonga vyuma aliyotuachia baba. Meza yake ikicheza, mashine inauzwa kama chuma chakavu. Basi. Salamu kwa shemeji. Miaka thelathini ughaibuni, bado anaamrisha kama yuko chumba cha pili.

Bila mashine hiyo mimi si fundi. Nabaki mtu mwenye ufunguo wa chumba kitupu.

Kweli, meza inacheza. Inasukumwa na skrubu ndefu ipitayo ndani ya nati ya shaba, na nati imelika. Unazungusha mpini nusu mzunguko, meza imelala. Halafu inaruka. Mtu wa kawaida angevuka kichochoro kwenda kwa Mohinder Kalsi, mwenye kerezo, ile mashine inayozungusha chuma kikikatwa, akatiwe nati mpya. Lakini Kalsi alisema harusini, mbele ya wakwe zangu, kwamba Tarlochan Virdi ukimwagiza mraba anakuchongea yai. Sivuki!

Nina mpango. Kipande cha bati la kopo la samli, kikunjwe, kisokomezwe ndani ya nati. Pengo limezibwa. Wahandisi wanasoma miaka minne kwa jambo hili.

Jumatano, 8 Novemba

Bati limefanya kazi dakika kumi na moja. Kisha mlio. Mke wangu Rajwant akauliza kutoka jikoni kama nimesaga kijiko. Akauliza pia samli iliyokuwamo ndani ya kopo imehamia wapi. Mwanamke hana jicho la ufundi.

Kosa si langu. Mabati ya siku hizi ni karatasi.

Alhamisi, 9 Novemba

Ushindi! Nimepata nati soko la vyuma vikuukuu. Shaba tupu, inang'aa kama meno ya mbunge. Muuzaji ameapa kwa mama yake kwamba ni ya mashine kama yangu. Nilipomuuliza meno ya nati yamepangwaje, akasema tano. Yangu pia tano. Nini tena?

Imeingia mizunguko mitatu, laini. Wa nne ikakaza. Nikafurahi: nati iliyokaza haichezi. Nikavisha spana bomba refu, nikaning'inia.

Sasa haiendi mbele wala hairudi nyuma. Ukiitazama vizuri, lengo limetimia. Meza haichezi hata kidogo.

Ijumaa, 10 Novemba

Kalsi kaja. Hakualikwa. Namshuku Rajwant, aliyekwenda kwa mke wa Kalsi kuazima ungo na kurudi bila ungo.

Aliinama na kipimo chake cha mfukoni kama daktari. Nikamweleza kwamba nimeikaza makusudi, kwamba ni mbinu mpya. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Bwana Virdi," akasema, "skrubu yako ni ya Waingereza, meno matano kwa inchi moja. Hii nati ni ya milimita tano kutoka jino hadi jino. Jino la kwanza halioni tofauti. La nne linaanza kulalamika."

Nikasema tofauti hiyo ni unywele.

"Unywele mara nane ni kamba. Nipe nikukatie nyingine kwa kufuata skrubu yenyewe, siyo kwa kufuata moyo wako."

Nikamshukuru kwa ubaridi na kumsindikiza mlangoni. Nimkabidhi nati ya baba, halafu mwaka mzima mtaa usikie? Heri mashine iende tanuruni.

Hapana, si heri. Nimekaa karibu na mashine hadi chai ikapoa. Baba alinifundishia hapa kuchonga njia ya kabari, ule mfereji wa kushikizia gurudumu kwenye mhimili, nikiwa na miaka kumi na sita, na kaka alikuwa kwenye kriketi. Nikaogopa kweli.

Jumamosi, 11 Novemba

Kaka kafika na masanduku matatu na kikohozi. Kabla ya maji ya kunywa akaulizia mashine.

Lakini usiku wa kuamkia leo Mungu kanifungua akili. Siku ya Vishwakarma mashine zinapumzika! Zinaoshwa, zinavishwa maua, zinalishwa laddu, vile vitamu vya mviringo, na hakuna anayethubutu kuwasha hata drili. Ndege ya kaka inaruka Jumanne alfajiri. Nimshughulishe kesho, Jumatatu mila inilinde. Ujinga wa kaka ni kuchagua siku moja katika mwaka ambayo kuijaribu mashine ni dhambi.

Jumapili, 12 Novemba

Diwali. Nimempeleka kaka Amritsar kutwa nzima. Taa, umati, foleni ya viatu. Rajwant kakataa kuja, eti mgongo. Ufunguo wa karakana kabaki nao.

Jumatatu, 13 Novemba

Mashine imependeza kuliko bibi harusi. Maua ya machungwa juu, uzi mwekundu kwenye mpini, sahani ya laddu mezani. Kalsi kaja na boksi la peremende, kama jirani mwema. Nikatoa hotuba fupi kuhusu mila, nikisisitiza kupumzika.

Kaka akakubali kila neno. Akasema mota isiwashwe. Kisha akachukua kopo la mafuta. Alisema baba kila Vishwakarma alikuwa anasogeza meza kwa mkono na kupaka mafuta chini yake, nimesahau?

Nilikuwa nimesahau.

Nikasema bega linaniuma. Akashika mpini mwenyewe. Nikafumba macho.

Meza ikateleza. Mbele, nyuma. Hakuna pengo, hakuna mlio. Kaka akarudia mara tatu, kisha akafuta macho kwa ncha ya kilemba, mtu mzima yule.

"Nati hii umeikata wewe?" akauliza.

Rajwant alikuwa anaitazama sakafu. Kalsi alikuwa anatafuna. Mikono yake ilikuwa na vumbi la shaba kwenye kucha.

"Kwa mikono yangu, kaka," nikasema.

Kalsi akameza taratibu. Akamwambia kaka kwamba hakika, mtaa mzima haujaona nati kama ile, na kwamba kerezo lake mwenyewe nalo lina nati iliyochoka, ila alikuwa anaona haya kuniomba. Kaka akanipiga mgongoni. Akaahidi kwa niaba yangu: Virdi ataikata, na picha ya nati hiyo itumwe Uingereza kabla mwezi haujaisha. Halafu atatia saini, mashine iwe yangu yote.

Jioni Rajwant kaniuliza nitafanyaje sasa, na kama sidhani ni wakati wa kuvuka kichochoro na kusema asante. Asante ya nini? Mtu kanyenyekea mbele ya kaka yangu, kaniomba kazi. Hatimaye Kalsi kautambua uwezo wangu.

Nimeshachungulia kerezo lake. Meno manne kwa inchi. Mimi nina nati ya milimita sita, safi kabisa. Inakaribia.