Mihuri Kumi na Mmoja na Filimbi ya Mzee Lacombe

Alhamisi, 4 Septemba

Leo nimeshinda. Mashindano yanaanza kesho, lakini mimi nimeshinda leo. Hiyo ndiyo tofauti ya mwenye akili na mwenye misuli.

Niandike kwa utaratibu. Mzee Lacombe anang'atuka. Miaka themanini na miwili, goti limekataa. Filimbi ya nahodha wa chama chetu cha baiskeli inatafuta shingo mpya. Na mwenye filimbi ndiye anayeamua, kila Jumapili, tusimame wapi tule. Miaka ishirini na miwili nimekula pale mtu mwingine alipotaka! Kwenye nyasi, kando ya mto, na sisimizi, na dengu baridi za kopo. Na hoteli ya Bata Mnene iko mita mia mbili tu! Ina vitambaa vya meza! Ina viti vyenye egemeo! Inaniuma. Naandika wazi, inaniuma sana.

Tunaoitaka filimbi ni wawili. Mimi, na Fernande Delbos. Fernande ana miaka sitini na sita, baiskeli ya chuma ya kijani aliyoachiwa na baba yake, na miguu ambayo sitaki kuizungumzia. Akiipata yeye, ni dengu mpaka kaburini.

Masharti ya Mzee: siku tano, bonde la Vézère na bonde la Dordogne, vijiji kumi na kimoja. Kila kijiji ugongewe muhuri kwenye kadi, dukani au ofisi ya meya, kama ilivyo desturi ya mzunguko wetu wa kila mwaka. Picha hazikubaliki. Treni marufuku. Wa kwanza kufika darajani kwetu Jumanne na kadi iliyojaa, filimbi ni yake.

Kijiji cha mwisho ni La Roquette-Haute. Kiko juu ya jabali. Kilomita nne za kupanda, mbuzi wenyewe hupumzika mara mbili. Lakini karani wa ofisi ya meya kule ni nani? Gaspard, shemeji yangu! Nimepanda leo, kwa gari. Gaspard akasema shemeji, hii si haki. Nikamkumbusha ni nani aliyemkutanisha na dada yangu. Akasema hilo ndilo analojitahidi kulisahau. Lakini akagonga. Pa! Muhuri wa duara, wino wa zambarau. Nimefanya kazi posta miaka thelathini na minane. Muhuri mzuri naujua.

Ijumaa, 5 Septemba

Mzee kapuliza filimbi saa mbili asubuhi. Fernande akanitakia safari njema. Mnafiki! Tena alionekana kumaanisha, na huo ndio unafiki uliokomaa.

Mihuri mitatu leo, yote kwa waoka mikate. Sasa, huingii kwa mwoka mikate ukaomba muhuri mikono mitupu. Ni utovu wa adabu. Lazima ununue kitu. Fernande ananunua kiandazi kimoja, anakitia mdomoni, huyo, anaondoka. Mimi nina mkakati. Nanunua mkate mkubwa wa shamba, ule wa kilo mbili, ili mwenye duka anione mteja wa maana na asinicheleweshe. Pradelou nikanunua mmoja. Castelroux miwili, maana mama wa dukani aliniita kijana. Saint-Merle mmoja, kwa heshima tu.

Mifuko ya nyuma imejaa. Baiskeli inapepesuka. Fernande akanipita njiani, akauliza kama nimefungua duka. Nikamjibu ni mazoezi. Akasema haya, Anselme, ukichoka kufanya mazoezi nitafute nikusaidie kuyala. Mwanamke huyu!

Jumamosi, 6 Septemba

Mihuri miwili kabla ya saa tano. Halafu akili ikanijia. Saa sita mchana bonde zima linakula. Fernande atakula. Mimi sitakula, nitakanyaga pedali!

Nikampita chini ya ngome. Amekaa ukutani na yai lake la kuchemsha, anachora mlango wa kanisa kwenye kijitabu chake. Anachora! Nikampungia mkono kama meya. Nikaingia Saint-Lézan saa sita na dakika arobaini. Wa kwanza!

Duka limefungwa. Ofisi imefungwa. Mkahawa ukafungwa huku nautazama. Bonde zima linakula, na waoka mikate nao ni watu wa bonde. Nimezaliwa hapa. Nina miaka sitini na mitatu. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Wanafungua saa tisa na nusu. Nikakaa kwenye benchi, nikala mkate mkavu, nikapitiwa na usingizi. Kuzinduka, saa kumi na robo. Fernande alishapita, kagongewa, kaondoka. Kaniachia kikaratasi kwenye usukani: sikutaka kukuamsha, ulikuwa unakoroma kwa raha. Uchokozi mtupu! Nikaingia dukani kwa hasira nikanunua mikate miwili.

Lakini tuseme ukweli. Mihuri sita, na mwili umepumzika. Ni siku njema.

Jumapili, 7 Septemba

Mihuri mitatu asubuhi, jumla tisa. Halafu msitu. Mialoni huku, mialoni kule, na barabara inapanda tu. Mikate minane mgongoni mwa baiskeli. Nilitukana kila mwoka mikate niliyemsifu.

Ndipo likapita trekta, polepole, linavuta tela la majani makavu. Masharti yanakataza treni. Trekta halikutajwa! Nikashika kamba ya tela. Raha iliyoje! Nikampita Fernande mlimani, mguu wangu haugusi pedali. Akatikisa kichwa. Wivu huo.

Trekta likakata kulia. Njia yangu ilikwenda kushoto. Ningeachia, ila kamba ilikuwa imejisokota kwenye usukani. Nikaingia uani kwa watu hivyohivyo, mpaka zizini. Mwenye trekta akashuka, akanitazama juu mpaka chini, akajiuliza mzigo huu wa mtu ameupakia wapi. Mama yake akatoka, akamwambia aache maswali, mgeni kwanza ale.

Bata. Uyoga. Viazi vya kukaanga kwa mafuta ya bata. Saa tatu nzima mezani, kwenye kiti chenye egemeo! Nikawaza, hivi ndivyo chama chetu kitakavyokula chini ya utawala wangu. Machozi yalinilengalenga. Nilipoaga, mama akanifungia mkate wa njiani. Sikuweza kukataa. Mikate tisa.

Jumatatu, 8 Septemba

Waoka mikate hufunga Jumatatu. Kila mtoto wa bonde hili analijua hilo. Mimi nimelikumbuka leo pale Bournazol, nikiwa nimeshashika kitasa cha duka.

Ofisi nayo imefungwa. Fernande ameketi ukingoni mwa kisima, kadi mkononi, haina muhuri wa Bournazol. Mara ya kwanza kumwona amekwama! Nilisahau kabisa kwamba na mimi nimekwama.

Uwanjani pana meza ndefu. Watu kama sitini, wamevaa vizuri, wamesimama. Hakuna aliyekaa. Mama mzazi wa meya ametimiza miaka tisini leo, supu inapoa, na hakuna mkate! Meya alidhani mkewe ameagiza. Mkewe alidhani meya. Na kwetu mtu haketi mezani pasipo mkate. Bibi Mélanie mwenyewe, fimbo mkononi, alikuwa anasema bora angekufa na themanini na tisa yake kuliko kuishi aone aibu hii.

Nikafungua mifuko.

Sijawahi kupigiwa makofi maishani. Hata siku ya kustaafu posta, walikuwa wanatazama saa. Leo watu sitini! Meya akanikumbatia, akasema niombe chochote. Nikasema muhuri. Akakimbia na funguo, akagonga. Wa kumi! Nikamshauri afunge ofisi palepale, kwa usalama wa nyaraka za serikali. Akafunga.

Likatokea jambo dogo. Sikuwa na kisu, na mikate ya Ijumaa ilishakuwa mawe. Fernande akaja na kisu cha baba yake. Akaikata yote, laini kwa wazee, migumu kwenye supu. Bibi Mélanie akauliza, na huyu binti kapewa nini? Binti! Akaambiwa hajapewa kitu. Akampiga mwanawe meya kwa fimbo, kidogo tu, akamwamuru akafungue ofisi tena.

Basi. Ndiyo dunia. Lakini nilikalishwa kulia kwa Bibi. Tukamimina mvinyo kwenye supu iliyobaki, kama desturi ya huku, tukainua bakuli kwa mikono miwili, tukanywa mpaka mwisho. Bibi akaniambia nina roho nzuri. Nilikaribia kumwamini.

Jumanne, 9 Septemba

Siku ya utukufu. Kwenye njiapanda Fernande akakata kushoto, kuupanda mlima wa La Roquette-Haute. Mimi nikainama, eti nafunga kamba ya kiatu. Alipopotea kwenye kona, nikashika njia ya mto. Tambarare. Kivuli. Nikipiga mluzi.

Saa tano na robo niko darajani, chama kizima kinanisubiri. Mtu mmoja akasema sionekani kama niliyepanda mlima, naonekana kama niliyetoka kuoga. Sikumjali. Nikamkabidhi Mzee Lacombe kadi. Akavaa miwani, akapitisha kidole. Pradelou, ndiyo. Castelroux, ndiyo. Bournazol, ndiyo. Kidole kikafika kwenye muhuri wa kumi na moja. Kikasimama.

Tarehe nikaiona wakati uleule. Ya zambarau, safi, hata asiye na miwani angeisoma: 4 Septemba.

Mihuri ya maduka haina tarehe. Ya ofisi inayo. Miaka thelathini na minane posta! Nimegonga tarehe nyingi kuliko nywele nilizowahi kuwa nazo!

Mzee akainua kichwa polepole. Akatangaza kwamba hii ni rekodi, Anselme Vergnolle amemaliza safari siku moja kabla haijaanza. Walicheka mpaka bata wakahama chini ya daraja. Nikaanza kueleza kwamba Gaspard ni mzembe, hajui kurekebisha muhuri. Hapohapo akatokea Fernande, mwekundu, jasho mpaka viatuni. Kadi imejaa. Akasema ana salamu zangu kutoka kwa Gaspard, anauliza mbona leo shemeji hakupita. Wakacheka upya.

Filimbi ikaenda shingoni kwa Fernande. Nikatazama mto. Niliumia, sitaidanganya shajara yangu. Niliiona Bata Mnene ikifunga milango yake yote, na dengu zikinisubiri Jumapili baada ya Jumapili.

Kisha akapuliza. Agizo lake la kwanza: kuanzia sasa Anselme ndiye mbeba mikate wa chama. Akawasimulia Bournazol yote, Bibi, supu, makofi, kila kitu isipokuwa ile habari ya kufunga ofisi. Alinitazama alipoiruka. Watu wakanipigia makofi tena! Mara mbili ndani ya siku mbili! Akaendelea kusema sijui nini kuhusu mzunguko wa mwakani, kuuhamishia mwezi wa Mei, maua, mambo kama hayo. Sikusikiliza. Nilikuwa nawaza.

Jumatano, 10 Septemba

Nimewaza, na nimeshinda!

Fernande ana filimbi. Sawa, apulize. Lakini kwetu mtu haketi kula pasipo mkate, na mkate uko wapi? Kwenye mifuko yangu! Jumapili hii nitapata pancha mita tatu kutoka mlango wa Bata Mnene. Pancha mbaya, isiyozibika haraka. Watanifuata wenyewe. Nimeshapiga simu hotelini kuagiza meza ya watu kumi na wanne, karibu na dirisha. Yaani Fernande amenikabidhi ufunguo wa ghala kwa mkono wake mwenyewe, na bado anajiita nahodha.

Kuhusu muhuri, mtu mzima hujifunza kutokana na makosa. Nimelichunguza kosa langu kwa utulivu. Kosa lilikuwa tarehe.

Nikampigia Gaspard. Akakata. Nikapiga tena, akakata. Mara ya tatu akapokea, nikamuuliza kama ile tarehe ya kwenye muhuri inaweza kusogezwa mbele. Akasema inaweza, na akaniomba nisimpigie tena mpaka Krismasi. Nimepanda kwa gari mchana huu na nimesharudi. Safari hii nilisimama mwenyewe juu ya mkono wake, nikahakikisha tarakimu moja baada ya nyingine, mwaka nao nikaukagua.

Kadi yangu ya mwakani ninayo hapa mezani. Muhuri mmoja umeshaingia, duara kamili, zambarau, hauna kasoro hata kidogo: La Roquette-Haute, 8 Septemba.