Malalamiko Kuhusu Nyani Kuvunja Amani ya Olimpiki

Mtoro Dadi,
Nyamwage, Rufiji.
9 Oktoba, 2000.

Waheshimiwa wa Kamati ya Michezo ya Dunia,

Assalaam aleikum, na kama salamu hiyo siyo yenu, basi habari za huko. Mimi kiwiliwili sijambo. Yaliyobaki ndiyo haya ninayoyaandika.

Mimi ni mkulima wa mahindi ya mlau, yale tunayopanda bondeni mafuriko yakishaondoka. Mke wangu Muzdalifa amefunga mzigo akaenda kwao Mloka, leo siku ya nane, na chanzo ni mila zenu. Naomba mnisikilize kwa utaratibu.

1. Amani. Mtangazaji wa televisheni, pale kwenye banda la video, alisema wazi kwamba kwa mila ya tangu kale, michezo ikianza uhasama wote unasimama, mtu na adui yake wanaachana mpaka michezo iishe. Alisema wote. Mimi nina adui mmoja tu duniani, naye ni nyani. Siku zote za michezo sikumrushia hata jiwe. Yeye je? Siku ya kufunga, mchana kweupe, ameingia shambani na ukoo wake mzima. Wamevunja mahindi yaliyobakiza wiki mbili kuvunwa, na maboga wameyaonja moja moja wakayaacha. Naomba kujua kama nyani walipelekewa taarifa, na kwa lugha gani.

2. Moto. Huku kwetu kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, moto hauzimwi msimu mzima. Nyani akiona moshi anajua pana mtu. Muzdalifa aliulinda wa kwetu tangu mwezi wa saba, anaupuliza mpaka macho yanakuwa mekundu, na hakuna aliyempigia tarumbeta. Zamu yangu ilipofika, ukazimika wenyewe. Wenyewe kabisa, waheshimiwa. Sasa nyie siku ya mwisho mliuzima wa kwenu, ule wa uwanjani, makusudi, dunia nzima inatazama, na watu wakapiga makofi! Wangu umezimika, mke kafunga mzigo. Huo ni uadilifu gani?

3. Pete. Lalamiko hili lilihusu zile pete tano, maana katika dini yetu mwisho ni wanne. Mwalimu Abdulrazaq amenieleza kwamba ni mabara, si wake. Nalifuta, mtaniwia radhi.

4. Machozi. Mshindi wenu akipanda kwenye kile kijukwaa, wimbo wa taifa lake ukapigwa, analia, na hata mimi nililia naye ilhali sijui kwao ni wapi. Mimi nimelia shambani, mbele ya mabua matupu. Mama mkwe, Bi Mwanamina, ametuma maneno kutoka Mloka kwamba machozi ya mwanamume aliyetoka kwenye video hayamhusu. Jamani! Nyumba imepoa. Ugali naupika mwenyewe, unatoka na madonge. Nampenda yule mwanamke, na sijui kumwambia ila kwa njia ya ofisi.

Kwa hiyo naomba mmwandikie Muzdalifa, kwa karatasi yenye muhuri, kwamba moto kuzimika siku ya kufunga ni heshima. Pili, apewe medali ya dhahabu kwa miezi mitatu ya kupuliza. Tatu, nyani wafungiwe michezo miwili ijayo, na wapimwe mkojo, maana kwa kasi ile hawakuwa wa kawaida.

Wasalimieni wakimbiaji, warusha mikuki, na kila aliyefika wa mwisho. Tabu, mkata tiketi wa banda la video, anawasalimu, na Salima wa mashine ya kusaga pia.

Ni mimi, mlalamikaji wenu mwenye adabu,
Mtoro Dadi.

Nyongeza: Nimeisoma barua hii kabla ya kuifunga, na roho imenisuta. Moto haukuzimika wenyewe. Siku ile nilichomoa ukuni pekee uliokuwa na moto, nikauinua juu kama wale wakimbiza mwenge wenu, nikakimbia nao kutoka shambani hadi kwenye banda la video, watu wananishangilia njia nzima. Kwenye mwinuko nilimpita Muzdalifa, ana kuni kichwani. Alinipisha, akatua mzigo, akanipigia makofi, kwa kuwa alidhani nimeacha ukuni mwingine unawaka. Msimwandikie chochote. Kesho napanda lori la Mloka, nikamwambie mwenyewe.