Nilivyopanda Juu ya Landrova Kumkwepa Mkwe

Wenzangu wa darasa la kisomo cha watu wazima,

Leo sina uso. Nimeuacha kwenye matope ya kijiji kimoja cha ujamaa, njiani kutoka Mlola kuja Lushoto, mbele ya watu na ngoma zao. Nawaandikia kwa mkono wangu mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wanaoongeza chumvi. (Chumvi iliyopo inatosha.)

Mnajua leo ndiyo ilikuwa siku ya Zaina kuripoti sekondari, Kifungilo, huku karibu na Lushoto. Mjukuu wangu huyu nimemlea tangu wazazi wake walipokwenda kuchuma chai Bulwa, na nimemringia kila mtu pale sokoni mpaka wengine wakawa wananikimbia. Barua ilisema afike leo kabla ya saa kumi, na mlezi wake aje kutia sahihi. Asiyefika, nafasi apewe mwingine. Asubuhi tunatoka na sanduku la bati, tunaambiwa mvua imekata barabara, basi halipandi wala halishuki. Nikakaa juu ya sanduku.

Saa nne ikaja Landrova ya yule mzungu anayehesabu miti msituni, yule tunayemwita Bwana Miti. Juu ya paa amefunga hema lake. Likikunjuliwa ni chumba kizima na godoro lake, likikunjwa ni furushi kubwa la turubai lililokazwa kwa mikanda. Huko msituni analala humo, juu juu, kama kuku. Alikuwa anakwenda Lushoto kwa njia za msituni, akasema atatuchukua. Nikashukuru. Kisha nikamwona dereva.

Shabani. Mume wa Hadija wangu. Mkwe!

Nanyi mnajua tulivyo na heshima ya mkwe. Miaka kumi na moja tangu amwoe mwanangu, hatujasemeshana ana kwa ana. Akiniona njiani anapita kando, nami napita kando, siku nyingine wote tunaishia mtaroni. Neno lake kwangu lazima lipitie kwa mtu. Hata leo alitazama chini akasema, "Zaina, mwamkie bibi, mwambie shikamoo." Nikamwambia Zaina aseme marahaba.

Nyuma ya gari kulijaa masanduku ya majani makavu ya Bwana Miti. Zaina aliingia kwa kujikunja. Mimi nilijaribu. Nusu yangu iliingia, nusu ikakataa. (Ile iliyokataa ndiyo kubwa.) Nafasi iliyobaki ilikuwa mbele, katikati, kati ya Bwana Miti na Shabani, pale penye vile vyuma vya gia. Yaani kila akibadilisha gia, mkono wa mkwe upite magotini pangu! Bwana Miti akasema basi yeye akae katikati, mimi nikae mlangoni. Nikamwonyesha kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Si mle ndani nitamwona mkwe, naye ataniona, mpaka Lushoto?

Nikasema nitakaa juu, na hema.

Bwana Miti akakataa. Nikamwambia mimi nimekwea miparachichi tangu yeye hajazaliwa. Shabani alitaka kusema kitu, lakini atambishiaje mama mkwe? Nikapanda ngazi ya hema na kikapu changu cha plamu, yale matunda mekundu laini, zawadi ya walimu. Tulipokaribia kuondoka nikamsikia akisema, "Zaina, mwambie bibi asiguse mikanda ya hema."

Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini yale hayakuwa maneno yangu bado. Nikasubiri Zaina aniletee. Zaina alikuwa anakula ndizi.

Hiyo njia, jamani, si ya gari. Ni ya mbuzi, tena mbuzi mwenye haraka. Gari lilipanda juu ya mawe likalalia upande mmoja, nikaona bonde lote chini ya kisigino changu, na mashamba ya kabeji madogo kama viraka vya kanga. Mtoni hakuna daraja, tukapita majini mpaka injini ikakohoa. Mahali pengine tairi la nyuma lilizunguka bure kwenye matope, Bwana Miti akashuka akatembea mbele akionyesha kwa mikono, kushoto, kulia, simama. Mimi juu nilikuwa naonyesha pia. (Hakuna aliyeniangalia.) Nilisoma kila dua niliyofundishwa, na moja nadhani niliitunga.

Kisha mkanda mmoja wa hema ulikuwa na kipande cha chuma, na chuma hicho kilikuwa kinanichoma pajani. Nikaulegeza. Kidogo tu. Wa pili nikaulegeza ili usimwonee wivu mwenzake. Manyunyu yalipoanza, nikaona chini ya turubai kuna godoro limekunjwa, kavu, laini. Nikajipenyeza humo na kikapu changu. Wenzangu, mzungu analala pazuri. Nikasinzia.

Nilichokuja kusikia ni kishindo. Gari liliinama kwa pua kushuka mwamba wa mwisho, na lile furushi likajifungua lenyewe. Upande wa juu ukapinduka mbele, vyuma vikasimama, turubai likatanuka, nami nikabingirika ndani yake pamoja na plamu zote. Nilijikuta nimekaa katikati ya nyumba. Nyumba inatembea.

Chini pale ndipo kilipo hicho kijiji cha ujamaa. Walikuwa wamejipanga barabarani tangu asubuhi wakimngoja mgeni rasmi kutoka wilayani. Sasa wanaona Landrova inateremka mlimani na ghorofa yake. Nani mwingine angekuja hivyo? Ngoma zikapigwa. Vigelegele. Gari likasimama kwa sababu Shabani alikuwa haoni mbele, turubai limemfunikia kioo.

Nikafungua kidirisha nikatoa kichwa. Kilemba sina, kilibaki godoroni. Mwenyekiti wa kijiji akanyoosha mikono, akanivisha shada la maua papo hapo dirishani, akasema, "Karibu sana, mheshimiwa mama. Tulikata tamaa."

Ningemwambia ukweli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini wale kina mama walikuwa wanaimba vizuri mno.

Nikapunga mkono. (Ndiyo. Nilipunga.)

Wakaomba nishuke niseme machache. Nikatanguliza mguu pale ngazi ilipokuwa asubuhi. Ngazi ilikuwa imerukia upande wa pili pamoja na hema. Nikakanyaga hewa.

Shabani alikuwa ametoka mbio kuja kuzuia watu, akaniona naja. Akainua mikono yote miwili. Nikamwangukia kifuani, mikono yangu ikamshika shingoni, sote tukaenda chini matopeni, na lile shada likatuingia vichwa viwili. Mkwe wangu! Niliyeukimbia mkono wake tangu Mlola, nikaja kumkumbatia hadharani kwa ngoma.

Ngoma zikanyamaza. Gauni langu lilikuwa jekundu kuanzia kifuani, nami sikukumbuka plamu, wala yeye hakujua kama nina plamu. Akaniangalia usoni. Usoni kabisa. Akasema, "Mama, umeumia?"

Miaka kumi na moja, na hilo ndilo neno la kwanza. Nikaangaza macho kumtafuta Zaina anipelekee jibu. Alikuwa amekwama nyuma na masanduku, anapiga kelele kuwa ni saa tisa na nusu.

Basi nikajibu mwenyewe. "Ni plamu, baba. Washa gari."

Watu walitusaidia kukunja hema, wakacheka wakiwa wamegeuza migongo, ndiyo adabu yao, nawashukuru. Mwenyekiti alitaka shada lake. Halikutoka upesi, akaghairi. Mimi nikaingia mbele, katikati, penye gia. Baada ya lile tope, gia ni nini? Nikafumba macho mpaka Kifungilo.

Tumefika saa kumi kasoro dakika chache. Karani akatazama matope, akatazama maua, akanisogezea kile kidau cha wino cha dole gumba. Nikakirudisha. Nikaomba kalamu. Nikaandika jina langu lote, herufi kwa herufi kama tulivyofundishwa. (Dole gumba la tope lilibaki pembeni, lakini hilo sikuombwa.) Zaina ana kitanda chake sasa. Kipo karibu na dirisha. Nilikikalia kwanza mwenyewe, nikakijaribu.

Nimefikia kwa jirani wa Hadija hapa Lushoto, maana kwa mkwe hailalwi. Hadija amekuja na ujumbe wa mumewe, kwamba kesho kutwa yeye na Bwana Miti wanarudi Mlola, anauliza bibi atakaa wapi garini. Nimemwambia Hadija amjibu: ndani.

Nanyi chekeni leo na kesho mmalize, maana kesho kutwa nikishuka kwenye ile Landrova nataka kukuta watu wote wa kisomo wanatazama ubao.